Mkataba wa jezi usomwe kuanzia chini

Klabu ikitangaza mkataba wa jezi, mitandaoni hubaki tarakimu moja tu. Bilioni kadhaa kwa miaka kadhaa, picha ya viongozi wakipeana mikono, na mabishano yanaanza: wenzetu walipata ngapi, sisi tumepata ngapi. Lakini tarakimu ile mara nyingi ni jumla ya vitu vinne au vitano vilivyofungwa pamoja: fedha taslimu, thamani ya vifaa, bonasi ambazo huenda zisilipwe kamwe, na makadirio ya mauzo. Anayetaka kujua klabu yake imepata nini hasa ashuke chini kwenye vifungu, kwa sababu fedha halisi inaongezeka au inapotea huko.

Tutenganishe kwanza mikataba miwili ambayo kila siku inachanganywa. Mtengenezaji wa vifaa, kama Adidas, Nike, Puma au Macron, anapata haki ya kutengeneza na kuuza jezi. Nembo yake ni ndogo. Kanuni za vifaa za FIFA zinaibana isizidi sentimita 20 za mraba. Mdhamini wa kifuani hashoni chochote. Yeye ananunua nafasi ya kuonekana, na akishalipa hajali sana kama jezi imeuzwa nakala elfu kumi au laki moja, mradi mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni. Mtengenezaji anataka mauzo, mdhamini anataka macho. Klabu inayowaweka wawili hawa kwenye mazungumzo mamoja bila kujua tofauti hiyo itamwahidi mmoja kitu kinachomwumiza mwingine.

Tanzania tuna sura ya tatu, ya mzabuni. Simba ilifanya kazi na Vunja Bei kuanzia 2021, baadaye Sandaland, na mwaka 2025 ikasaini na Jayrutty mkataba uliotangazwa kuwa wa zaidi ya shilingi bilioni 38 kwa miaka mitano, jezi zikaja na nembo ya Diadora. Upande wa Yanga yupo GSM. Mzabuni wa namna hii kwa kawaida si mwenye kiwanda. Ananunua haki, anaagiza mzigo, anasambaza, na hasara ya mzigo usiouzika inamwangukia yeye. Kwa klabu ambayo haina maghala wala mtandao wa maduka huo ni mpango wenye akili, lakini unahamisha pia udhibiti: ubora wa kitambaa, bei ya rejareja na siku ya jezi kufika sokoni vinakuwa mikononi mwa mtu ambaye fedha yake tayari imeshatoka. Mtu huyo atabana matumizi pale ambapo mkataba haujamwekea kipimo.

Sasa vifungu. Malipo ya msingi ndiyo sehemu rahisi, ila hata hayo hukatwa. Manchester United walisaini na Adidas mwaka 2014 mkataba wa pauni milioni 750 kwa miaka kumi kuanzia msimu wa 2015/16, yaani wastani wa milioni 75 kwa mwaka. Ndani yake kulikuwa na kifungu: timu ikikosa Ligi ya Mabingwa misimu miwili mfululizo, malipo ya mwaka husika yanaweza kukatwa hadi asilimia 30. Piga hesabu, makato ni pauni milioni 22.5. Msimu wa 2016/17 United hawakuwemo kwenye Ligi ya Mabingwa, na kwenye ligi walimaliza nafasi ya sita. Kilichowaokoa ni fainali ya Europa League kule Stockholm, Mei 2017, walipoifunga Ajax 2-0 na kupata tiketi. Waliotazama mechi ile waliona kombe. Idara ya fedha iliona pia kifungu cha Adidas kikizimwa.

Mwaka 2023 wakaongeza miaka kumi mingine, hadi 2035, kwa kiwango cha chini cha pauni milioni 900, na kifungu kikabadilika: kuanzia 2025/26, kila msimu bila Ligi ya Mabingwa unakatwa pauni milioni 10. Hakuna tena kusubiri msimu wa pili. Mei 2025 walipofungwa na Tottenham 1-0 kule Bilbao, makato ya kwanza yakaanza kuhesabika. Kwangu mimi kifungu kipya ni kikali zaidi kwa timu inayokosa mara moja moja na chepesi kwa timu inayokosa miaka mfululizo. Ukikosa miaka mitatu mfululizo ni milioni 30 jumla, wakati kwa mkataba wa zamani mwaka wa pili na wa tatu ungeweza kugharimu milioni 45. Huwezi kusema upi ni bora bila kujua unategemea timu yako iwe wapi.

Kesi inayofundisha kuliko zote ni ya Liverpool na New Balance, iliyoamuliwa Mahakama Kuu ya London tarehe 25 Oktoba 2019. Mkataba wa New Balance ulikuwa unaisha Mei 2020, na ulikuwa na haki ya kulinganisha ofa: akija mtengenezaji mwingine, New Balance anapewa nafasi ya kutoa masharti yaleyale, na akiyatoa klabu inabaki naye. Nike wakaja na pauni milioni 30 kwa mwaka. Kiasi hicho kilikuwa chini ya kile ambacho New Balance waliripotiwa kulipa, takriban milioni 45. Mtu wa mtaani angeuliza Liverpool wamerogwa au vipi.

Jibu lilikuwa kwenye vifungu vingine viwili. Kwanza, mrabaha, yaani fungu la klabu kutoka kwenye mauzo, wa asilimia 20 ya mauzo halisi ya bidhaa za Liverpool. Pili, ahadi ya kuuza kwenye maduka yasiyopungua 6,000, na kuitangaza klabu kwa kutumia nyota wa dunia wa hadhi ya LeBron James, Serena Williams na Drake. New Balance wakasema wanalinganisha fedha, mrabaha na idadi ya maduka, lakini kwenye matangazo hawakuandika nyota wa hadhi hiyo. Hoja ya upande wao ilikuwa kwamba hadhi ya mtu maarufu si kitu kinachopimika. Jaji Teare akaona inapimika vya kutosha, na kwa kuwa ofa ya New Balance ilikuwa pungufu hapo, Liverpool wakawa huru kwenda Nike.

Tazama hesabu yenyewe. Kufidia pengo la milioni 15 kwa mrabaha wa asilimia 20, kunahitajika mauzo halisi ya milioni 75. Na mauzo halisi kwa kawaida si bei ya dukani. Chukua jezi ya pauni 80 Uingereza. Ondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, inabaki pauni 66.67. Muuza duka ameinunua kwa takriban nusu ya hapo, tuseme pauni 33 au 35. Mrabaha unahesabiwa juu ya hiyo 35, tena baada ya kuondoa mzigo uliorudishwa na punguzo. Asilimia 20 yake ni pauni 7. Klabu nyingi hupata kiwango kidogo kuliko hicho; ukipata asilimia 10 ni pauni tatu na nusu kwa jezi. Kwa hiyo anayeandaa mkataba, neno la kulipigania kabla ya asilimia ni tafsiri ya “mauzo halisi”: ni bei ya jumla au ya rejareja, nani anathibitisha idadi, klabu inaruhusiwa kukagua vitabu mara ngapi, na bidhaa zinazouzwa na maduka ya mtengenezaji mwenyewe zinahesabiwa kwa bei ipi. Hapo ndipo asilimia 20 inapogeuka 12 bila mtu kuvunja mkataba.

Hesabu hiyohiyo inaua ule msemo kwamba mchezaji fulani “atalipwa na jezi zake”. Juventus walimnunua Cristiano Ronaldo Julai 2018 kwa euro milioni 100. Jezi laki moja kwa pauni 7 kila moja ni laki saba za pauni; hazilipi hata mshahara wa nusu mwezi wa nyota kama yule. Faida ilikuja kwa njia nyingine. Desemba ya mwaka huohuo Adidas waliboresha mkataba wao na Juventus kutoka takriban euro milioni 23 hadi milioni 51 kwa mwaka, kuanzia 2019 hadi 2027, na kuongeza bonasi ya milioni 15. Jina kubwa linapandisha bei ya mkataba unaofuata, na kwa hilo lazima klabu iwe imebakiza nafasi ya kuzungumza upya. Ukiwa umejifunga miaka minane bila kifungu cha mapitio, umaarufu wa mchezaji wako unamnufaisha mtengenezaji peke yake.

Haki ya kulinganisha ofa nayo isitolewe bure. Mtengenezaji ataiomba kama kitu kidogo tu cha kiungwana. Kwa kweli inawakimbiza washindani: nani atapoteza miezi kuandaa ofa nzuri huku akijua aliyepo anaweza kuinakili na kubaki? Ukilazimika kuitoa, iwekee muda mfupi wa kujibu, siku 14 au 30, na orodha ya vipengele ambavyo lazima vilinganishwe kimoja kimoja.

Tuingie kiwandani, kwa sababu malalamiko mengi ya mashabiki yanazaliwa huko.

Jezi za kisasa ni poliesta, kwa sehemu kubwa iliyorejelewa kutoka kwenye chupa za plastiki. Kampuni kubwa hutengeneza ngazi mbili: jezi wanayochezea wachezaji, nyepesi, yenye vitobo zaidi, inayobana mwili na yenye nembo za kubandika kwa joto, na jezi ya mashabiki, nzito kidogo, yenye mkato mpana na nembo iliyodariziwa. Nembo ya kudarizi inadumu kwenye kufuliwa lakini inakwaruza chuchu na kushika jasho, ndiyo maana mchezaji haivai. Uzito wa kitambaa cha shabiki huwa gramu 130 hadi 160 kwa mita ya mraba. Ukiagiza cha 180 kwa ajili ya Dar es Salaam au Mombasa umeagiza koti. Ukishuka chini ya 120 kwa kitambaa cheupe au njano, inaonyesha mwili. Msimu wa 2023/24 Aston Villa walipata tabu na jezi za Castore zilizokuwa zikishika jasho hadi zikawa nzito na kung'ang'ania mwilini kabla ya mapumziko, na mwaka uliofuata wakahamia Adidas. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye sampuli iliyotundikwa kwenye hanga. Sampuli ivaliwe, ikimbiwe kwa dakika 45 mchana wa jua, kisha ipimwe kwenye mizani.

Rangi huingia kwa njia mbili. Kitambaa kinaweza kutiwa rangi kizima kabla ya kukatwa, na hapo ndani na nje rangi ni moja. Au kinachapwa kwa sablimesheni: mchoro unaprintiwa kwenye karatasi kwa wino maalumu, karatasi inalazwa juu ya poliesta nyeupe na kubanwa kwenye joto la nyuzi 190 hadi 205 kwa sekunde 40 hadi 60. Wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo haupasuki wala kubanduka. Ukigeuza jezi ya aina hii ndani-nje unaona weupe. Njia hii inaruhusu michoro yoyote unayotaka, na ni rahisi kwa oda ndogo za jezi mia mbili tatu. Ila ina mipaka: haifanyi kazi kwenye pamba, na haiwezi kuweka rangi nyepesi juu ya nzito. Jezi nyekundu yenye maandishi meupe ya sablimesheni ina maana weupe ule ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kupakwa.

Na hapa kuna balaa ambalo kila klabu yenye jezi nyekundu inapaswa kulijua. Rangi za poliesta zikipata joto zinaanza kuhama. Ukibandika jina la mdhamini jeupe juu ya kitambaa chekundu kwa joto kubwa, siku hiyo litaonekana jeupe safi. Baada ya siku chache linaanza kuwa la waridi, kwanza kwenye kingo za herufi, kisha katikati, hadi nembo nzima inaonekana kama imefuliwa na kanga mpya. Rangi ya kitambaa imepanda kupitia gundi na kuingia kwenye nembo. Wakati mwingine haitokei kiwandani wala dukani bali baharini, kwenye kontena lililokaa juani wiki nne. Mzigo unatoka China mweupe, unafunguliwa bandarini ukiwa wa waridi, na kiwanda kina picha za kuthibitisha kwamba kilituma mzigo mzuri.

Dawa yake inajulikana. Nembo za kubandika ziwe na tabaka la kuzuia, lile la kijivu au jeusi ukitazama nyuma yake. Joto la mashine lishuke hadi nyuzi 130 au 140, sekunde 10 hadi 15, badala ya 150 na zaidi. Sampuli iliyobandikwa iwekwe kwenye joto la nyuzi 60 au 70 kwa siku mbili kabla ya kuidhinisha uzalishaji. Na kwenye mkataba iandikwe kwamba ukaguzi wa mwisho wa rangi unafanyika mzigo ukifunguliwa ghalani Dar, siyo unapopakiwa. Sentensi hiyo moja inahamisha hasara yote.

Vipimo ni tatizo la pili. Usiagize kwa herufi tu. L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Andika sentimita: upana wa kifua chini ya kwapa, urefu kutoka bega hadi pindo, urefu wa mkono, pamoja na uvumilivu, yaani tofauti inayokubalika, wa sentimita moja kila upande. Mgawanyo wa saizi nao ufikiriwe. Kwa kila jezi kumi na mbili, mgawanyo wa S moja, M tatu, L nne, XL tatu na XXL moja ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya msimu mmoja mauzo yenyewe yatakusahihisha. Kinachobaki ghalani huwa ni S na XXL, kinachoisha wiki ya kwanza ni L, na mwenye L hakubali kupewa nyingine.

Halafu kalenda. Kampuni kubwa huanza kuchora jezi takriban miezi 18 kabla ya msimu, na maduka yanaweka oda mapema sana. Ndiyo maana klabu iliyopanda daraja ghafla, au iliyobadilisha mtengenezaji mwezi wa mwisho, mara nyingi huvaa mchoro wa katalogi uliowekwa nembo tu. Kwetu hesabu ni fupi zaidi lakini haina huruma. Tuseme jezi mpya ya Simba inatakiwa mikononi mwa watu kabla ya Simba Day, kijadi tarehe 8 Agosti. Rudi nyuma: wiki mbili za kusambaza mikoani, wiki mbili za bandari na forodha, siku 30 hadi 35 za meli, siku 45 za kushona, wiki tatu za sampuli na marekebisho. Utafika mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Mchoro, rangi na majina ya wadhamini wote vinapaswa kuwa vimefungwa wakati ligi bado inachezwa. Anayesaini mdhamini mwezi Juni anasafirisha kwa ndege, na usafiri huo unakula faida ya jezi yote.

Mdhamini anapochelewa, ulaya au hapa, tatizo ni lilelile. Chelsea walianza msimu wa 2023/24 kifua kikiwa kitupu baada ya mkataba wa Three kuisha. Infinite Athlete akaja msimu ukiwa umeshaanza. Mashabiki walionunua jezi Agosti walikuwa na jezi tofauti na iliyokuwa ikichezewa Novemba. Msimu uliofuata hali ikajirudia hadi DAMAC alipoingia Mei 2025. Klabu tajiri inaweza kusubiri bei yake. Klabu ndogo ikisubiri, mzigo unakwama. Njia nzuri ni kushona jezi tupu na kubandika nembo hapa nchini kwa mashine ya joto, kwa masharti yale ya tabaka la kuzuia niliyoyataja.

Kisha kuna mgongano wa wadhamini, ambao kwangu ndio eneo linalopuuzwa kuliko yote. Novemba 2021 shirikisho lilipoingiza GSM kama mdhamini mwenza wa ligi kuu, Simba hawakukubali kuvaa nembo ya kampuni ambayo ndiyo mfadhili wa mahasimu wao, na mapema 2022 GSM wakajiondoa. Mwaka 2023 Yanga walicheza Kombe la Shirikisho Afrika wakiwa na Haier kifuani badala ya SportPesa, kwa sababu CAF ilikuwa na mdhamini wake wa kampuni ya kubashiri na haikuruhusu mshindani. Kwa hiyo klabu inayocheza kimataifa inahitaji seti mbili za jezi, na mkataba wa mdhamini wa kubashiri lazima useme wazi: malipo yanapungua kiasi gani kwa mechi ambazo hataonekana, nani analipia seti ya pili, na je, klabu inaruhusiwa kuuza kifua hicho cha kimataifa kwa mwingine. Yanga waliweza kukiuza. Ambaye hajaandika hilo anaweza kujikuta mdhamini wa ndani anadai kifua ni chake mwaka mzima.

Sheria za nchi nazo zinabadilika katikati ya mkataba. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kubashiri kwa sheria ya 2018, Hispania ikafuata na jezi za msimu wa 2021/22, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kubashiri kifuani kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Kenya iliona sura nyingine ya hatari hiyo. Agosti 2019, katikati ya mvutano wa kodi na leseni na serikali, SportPesa ilisitisha udhamini wake wote wa michezo nchini, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila mdhamini mkuu kwa mpigo. Miaka miwili nyuma yake, Julai 2017, kampuni hiyohiyo ilikuwa imewaleta Everton Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Klabu ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake yanatoka kwa mdhamini mmoja wa sekta moja inapaswa kudai malipo ya mbele ya robo mwaka, si mwisho wa msimu.

Siasa ni mlango mwingine. Rwanda iliweka “Visit Rwanda” kwenye mkono wa jezi ya Arsenal kuanzia 2018, kwa takriban pauni milioni 10 kwa mwaka, kisha ikaenda PSG na Bayern. Mapema 2025, vita ilipochacha mashariki mwa Kongo, serikali ya Kinshasa iliziandikia klabu hizo tatu ikizitaka zijitoe. Bayern wakabadilisha ushirikiano wao uwe wa kukuza vijana, na Novemba 2025 Arsenal na Rwanda wakatangaza kuachana mwisho wa msimu. Kongo nayo ikaingia sokoni, ikasaini na Barcelona mkataba wa miaka minne wa jezi za mazoezi. Utauona mkono wa jezi ni sehemu ndogo, lakini nchi mbili jirani zimeupigania.

Kanuni za waandaaji ziangaliwe kabla ya kushona, siyo baada. Namba ya mgongoni kwa mashindano ya UEFA iwe na kimo cha sentimita 25 hadi 35. Kombe la Dunia haliruhusu mdhamini yeyote kwenye jezi ya kuchezea. Mwaka 2004 Cameroon walivaa vazi la Puma lililounganisha shati na kaptula kuwa kitu kimoja. FIFA ikawatoza faini ya faranga 200,000 za Uswisi na kuwakata pointi sita za kufuzu, ingawa pointi zilirudishwa baadaye. Mchoraji alikuwa na wazo zuri. Hakuwa na barua ya idhini.

Kuhusu jezi feki nitasema jambo moja ambalo wengi hawapendi kulisikia. Polisi na Tume ya Ushindani wana kazi yao, lakini feki haishindwi kwa msako peke yake. Inashinda pale jezi halali inapochelewa wiki tatu baada ya picha kuvuja, pale saizi L inapokwisha, na pale Sumbawanga au Kigoma hakuna wakala hata mmoja. Kariakoo inaweza kunakili picha ndani ya siku chache. Mzabuni mwenye busara hufunga mzigo mzima nchini kabla ya kuonyesha jezi, anazindua na kuuza saa hiyohiyo mikoa yote, na anaweka ngazi ya pili ya bei nafuu, fulana ya klabu yenye nembo halali, kwa shabiki ambaye jezi kamili inamshinda. Kwa mnunuzi: kwenye jezi za kampuni kubwa, namba ya bidhaa kwenye kilebo cha ndani ifanane na ile ya kwenye karatasi inayoning'inia, na ukiitafuta mtandaoni ilete jezi hiyohiyo, rangi hiyohiyo. Feki nyingi hutumia namba moja kwa jezi za timu tano.

Mwisho wa mkataba ndio unaoandikwa kwa haraka na kusomwa kwa machozi. Chelsea walipotaka kuondoka Adidas miaka sita kabla ya wakati, mwaka 2016, walilipa pauni milioni 67 ili waende Nike kwa milioni 60 kwa mwaka. Waliweza kwa sababu bei ya kutoka ilijadilika. Klabu zetu ziandike bei hiyo tangu mwanzo. Ziandike pia muda wa mzabuni kuuza mabaki, siku 60 au 90 baada ya mkataba kuisha, na kwamba hataruhusiwa kushona mzigo mpya katika miezi mitatu ya mwisho, la sivyo atajaza ghala na kumharibia mrithi wake soko kwa bei ya kutupa. Na faili za michoro, msimbo wa rangi, fonti ya namba na nembo katika umbo la vekta (mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora) vikabidhiwe kwa klabu ndani ya siku 30 tangu siku ya kusaini, si siku ya kuagana. Akishaondoka mtu kwa hasira, hakuna anayejibu barua pepe ya kuomba faili la nembo.